Michongoma ya Jirani na Uwanja wa Watoto

Jirani kazungushia nyumba yake michongoma hadi ndani ya uwanja wa watoto, na kila masika ua unasogea. Nimkabili mwenyewe au niende kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu? (Chake Chake)

Anza kwake, na uende sasa, ua ungali wa miti. Michongoma hung'olewa asubuhi moja. Akishapandisha matofali mtavutana miaka. Msalimie, kisha muulize hati yake inaishia wapi. Usimsemee barazani, maana aliyeaibishwa mbele za watu hatetei tena mpaka, anatetea uso wake. Akikataa, piga picha, andika tarehe, umpelekee sheha barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua hiyo ifike na Baraza la Mji. Ila ua usiung'oe kwa mkono wako, hata kama haki iko kwako: kesi itageuka, ushitakiwe wewe.

Uwanja hauna mwenyewe, akiutumia kuna ubaya gani? (Michenzani)

Una mwenyewe. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na Rais amekabidhiwa kwa niaba yetu sote. Hata nyumbani kwako una haki ya matumizi tu, ndani ya mipaka yako. Majirani wa bustani ya Forodhani wangejiongezea hatua mbili mbili, jioni tungekaa wapi?

Babu alipanda minazi kwenye eneo la wazi. Eneo si letu? (Wete)

Kwa mila zetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Pemba mnalijua hili kwa mikarafuu. Nazi huenda mkawa na haki ya kuzichuma. Uwanja, hapana. Mkishindwa kuelewana, iko Mahkama ya Ardhi.

Nimenunua nyumba, mpima kaniambia ukuta umeingia hatua nne ndani ya bustani ya umma. Aliyejenga keshahama. Nikinyamaza? (Fuoni)

Umefanya vyema kuuliza, wengi hupaka rangi ukuta wakalala. Ukinyamaza, kosa la mwenzio linakuwa lako, na siku ukitaka kuuza, mpima wa mnunuzi ataliona. Usivunje kitu bado. Iandikie Kamisheni ya Ardhi, uombe mpima wao ahakikishe bikoni, yaani alama za mpaka. Ikithibitika, omba muda wa kuurudisha ukuta nyuma, upewe kwa maandishi. Nanyi wakubwa nawasihi: anayekuja kwa miguu yake mpeni nafasi hiyo, msimtangulizie tingatinga. Mkitisha watu, nani atakuja tena kusema kweli?

Atatokea mtu wa kukwambia kwamba kwa "chai" kidogo hatua nne zitaingizwa kwenye hati. Mkatalie. Hapo utakuwa umeacha kurithi kosa, umeanza kulitenda. Kisha usome upya mkataba wa mauziano, pamoja na wakili: kama vipimo vilivyoandikwa mle vinajumuisha hatua hizo, muuzaji alikuuzia kisicho chake, na una haki ya kumdai.