Kinachotufanya tuing'ang'anie kapo fulani kwenye hadithi

Mleta mada umeuliza kwa nini watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanafikia kutukanana kisa nani alistahili kuoana na nani kwenye tamthilia, wakati wahusika wenyewe hawapo duniani. Walionitangulia wamesema ni uzuri wa waigizaji, wengine wamesema ni upweke. Naomba nijibu kwa kirefu, maana jambo hili nimekuwa nalo tangu sekondari, enzi za kupeleka flashi kwa jamaa wa muvi pale stendi anijazie msimu mzima, na mpaka leo nasimamia kundi la WhatsApp la kina dada na kaka wachache tunaojadili tamthilia na katuni usiku watoto wakishalala.

Uzuri wa waigizaji mimi nauondoa kabisa. Kwenye tamthilia nyingi kila aliyemo ni mzuri, mpaka mama mkwe mwenye roho mbaya. Kama ni uzuri tu, tungependa wote sawasawa. Tena kapo niliyoipigania kuliko zote maishani mwangu haina waigizaji wa kuonekana. Ni katuni, Avatar: The Last Airbender, iliyorushwa na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008, na ninaowataka mimi ni Zuko na Katara.

Kwa ambao hawajaiona: Zuko ni mwana wa mfalme wa Taifa la Moto. Baba yake alimchoma uso akiwa na miaka 13 na kumfukuza nchini. Katara ni binti wa Kabila la Maji, na mama yake aliuawa na askari wa taifa hilo hilo la kina Zuko. Kwa misimu miwili huyu kijana anawafukuza kina Katara dunia nzima ili amkamate rafiki yao, Aang. Mwisho wa msimu wa pili, Zuko na Katara wanajikuta wamefungiwa pamoja kwenye pango chini ya jiji la Ba Sing Se. Katara anamwaga hasira zake zote, anamwambia taifa lake ndilo lililomnyang'anya mama. Zuko hajitetei. Anamjibu kwamba hilo wanafanana, kwa kuwa yeye naye amempoteza mama. Hapo Katara anatulia. Ana kichupa cha maji matakatifu kutoka Ncha ya Kaskazini, anamwambia huenda yakaliponya lile kovu, kisha anauweka mkono wake usoni kwa Zuko. Zuko anafumba macho. Ukumbuke huyu ni mtu ambaye tangu mwanzo wa hadithi hatumwoni akikubali mtu aliguse lile kovu.

Basi, ni hicho tu. Hakuna busu, hakuna "nakupenda", dakika chache wakaja kuokolewa. Na muda si mrefu Zuko akawasaliti wote, dada yake Azula akampiga Aang kwa radi, na maji yale yale ndiyo yaliyotumika kumrudishia Aang uhai. Kwa hiyo Katara angeyatumia kwa Zuko, Aang angekufa. Mtunzi aliyeweza kutega hivyo namvulia kofia.

Sasa ujibu mwenyewe, mleta mada. Kwa nini tukio fupi vile limewafanya mashabiki waandike maelfu ya hadithi zao za kuwaunganisha hawa wawili, hadi leo?

Jibu langu ni ushahidi. Tunavutwa na wawili ambao sisi watazamaji tumewashuhudia kabla wenyewe hawajajitambua, na kabla mtunzi hajatangaza lolote. Tukio la pangoni tuliliona sisi na wao wawili. Aang hakuliona, Azula hakuliona. Ukishashuhudia jambo ambalo wengine wote kwenye hadithi hawalijui, unakuwa na deni nalo. Unataka litambuliwe, na lisipotambuliwa unaumia kama shahidi aliyenyimwa nafasi ya kusema mahakamani. Ndiyo maana watu wanagombana. Mtu anayekupinga hakatai tu chaguo lako, anakwambia hukuona ulichokiona.

Angalia kapo ambazo mtunzi anatuletea zikiwa zimepikwa tayari. Steringi anamwona dada sokoni, mziki unapanda, nywele zinapeperushwa na upepo, tunaambiwa wanapendana. Tunatazama, tunasema haya, tunaendelea na maisha. Hatukuachiwa kazi yoyote. Hakuna mtu kwenye kundi langu amewahi kukesha akiitetea kapo ya namna hiyo.

Na msidhani haya ni mambo ya watoto wa intaneti. Mwaka 1868 huko Marekani Louisa May Alcott alitoa sehemu ya kwanza ya Little Women, hadithi ya ndugu wanne wa kike. Mmoja wao, Jo, ni binti mwandishi, mwenye hasira za karibu. Jirani yao ni Laurie, kijana tajiri anayelelewa na babu yake. Wanavyofahamiana: kuna sherehe, Jo gauni lake limeungua mgongoni hivyo anaogopa kucheza mbele ya watu, anakwenda kujificha nyuma ya pazia, kumbe Laurie naye kajificha humo humo. Wanaishia kucheza wawili kwenye ukumbi wa pembeni, ambako hakuna wa kuliona lile gauni. Hakuna isipokuwa msomaji!

Wasichana waliosoma kitabu kile wakamwandikia Alcott barua, wakitaka kujua nani ataolewa na nani. Novemba 1868 akaandika kwenye shajara yake kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote. Na kweli, sehemu ya pili ilipotoka 1869, Jo alimkataa Laurie, Laurie akamwoa mdogo wake Jo, na Jo akaolewa na profesa Mjerumani aliyemzidi sana umri. Alcott alimwandikia rafiki yake kwamba Jo alitakiwa abaki bila kuolewa, aendelee na uandishi wake, ila barua zilimzidi nguvu, na kwa ukaidi akamtafutia mume wa kushangaza. Alcott mwenyewe hakuolewa mpaka anafariki 1888.

Mimi namheshimu sana Alcott kwa msimamo ule. Alikuwa anapigania haki ya binti kuwa na mwisho mwingine mbali na ndoa, na katika zama zile halikuwa jambo dogo. Lakini kama msomaji nasema wazi: ukishanipeleka nyuma ya pazia lile, ukanionesha watu wawili wenye haya wakicheza bila kuogopana, usinishangae nikidai. Zaidi ya miaka 150 imepita na wasomaji bado wanadai.

Kuna kisa kingine kinaonesha jinsi watunzi wanavyolijua hili na kulitumia. Tamthilia ya The X-Files, ya wapelelezi wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilianza 1993. Mulder anaamini viumbe kutoka anga za mbali, Scully ni daktari anayetaka vipimo, na alipelekwa kwa Mulder na wakubwa wa FBI ili kazi ya mwenzake ipimwe kisayansi. Mtunzi Chris Carter hakutaka wawe wapenzi. Wanaitana kwa majina ya ukoo karibu miaka yote. Kwenye makundi ya intaneti ya miaka ile mashabiki waligawanyika kambi mbili, wanaotaka wapendane na wasiotaka kabisa. Kwenye filamu yao ya 1998 ikafika mahali wamesimama kwenye korido, Scully ameamua kuacha kazi, Mulder anamwambia jinsi anavyomhitaji, nyuso zinasogeleana, na nyuki akamng'ata Scully. Nyuki! Busu la mdomoni lililokuwa la wao kweli walikuja kulipata mwishoni mwa 1999, kwenye kipindi cha kuukaribisha mwaka mpya, nalo lilikuwa fupi, la kimya.

Nilipoiangalia, miaka mingi baada ya kurushwa, nilitegemea kuchoshwa na ucheleweshaji ule. Haikuwa hivyo. Nilijikuta naangalia mikono yao, nani kamfungulia nani mlango, nani kakaa hospitali hadi asubuhi. Ucheleweshaji ukiwa mzuri unakufundisha kutazama. Ukiwa mbaya, wa kumpa mtu ajali na kupoteza kumbukumbu ili tu ndoa iahirishwe, unakuchosha, na tamthilia za aina hiyo mnazijua bila mimi kuzitaja.

Nigusie na hili la wababe, kwa sababu mchangiaji mmoja huko juu kasema wanawake tunapenda kapo zenye mwanaume katili. Kuna ukweli, na linanihusu kama mwanamke ninayesoma na wadogo zangu. Kuna hadithi ambamo mwanaume anamdhalilisha binti sehemu nzima nzima, halafu machozi yake mawili yanafuta kila kitu. Hizo sizitetei, na kwenye kundi letu tunazisema vibaya. Lakini msizichanganye na za kina Zuko. Zuko alibadilika kwa mafunzo ya baba yake mkubwa, Iroh, na kwa aibu yake mwenyewe. Hakumtumia Katara kama dawa. Aliporudi kuomba msamaha, Katara ndiye aliyekuwa wa mwisho kumkubali, na Zuko hakumlaumu. Alimsindikiza kumtafuta askari aliyemuua mama yake, akamwachia aamue mwenyewe. Na mwishoni kabisa, Azula alipoelekeza radi kwa Katara, Zuko alijirusha mbele ikampata yeye.

Darcy wa Jane Austen, kwenye riwaya ya Pride and Prejudice ya 1813, ni hivyo hivyo. Alikataliwa na Elizabeth, binti aliyemposa, kwa maneno makali. Kisha akalipa fedha nyingi kumwokoa mdogo wake Elizabeth na aibu, akaomba isijulikane kwamba ni yeye. Elizabeth anakuja kuambiwa na mke wa mjomba wake kwa barua. Kipimo changu ni hiki: je, mwanaume amefanya jema pale ambapo hakutarajia kuonwa? Kama ndiyo, msomaji ndiye shahidi wake, na hatakaa amsahau.

Kwa hiyo, mleta mada, ukikutana tena na hao wanaotukanana, usiwaulize wanampenda nani. Waulize ni tukio gani. Kwenye kundi letu tumeliweka kama utaratibu: anayetaka kubishana alete tukio, aseme limo kwenye sehemu ya ngapi, na atuambie aliona nini. Matusi yalipungua sana, na mimi nimewajua watu kupitia matukio yao. Yule anayependa wawili waliolelewa kama marafiki mara nyingi anatafuta utulivu. Mimi navutwa na wanaojifunza kuaminiana baada ya kuumizana, na nina sababu zangu.

Juzi dada mmoja wa Tanga, ambaye anataka Katara awe na Aang, katuletea sehemu ya kwanza kabisa. Aang ameganda kwenye barafu miaka 100, watu wake wote wamekwisha na yeye hajui. Katara anaipasua barafu ile, Aang anafumbua macho, na uso wa kwanza anaouona duniani ni wa Katara. Akauliza: "Na hapo nani alikuwa shahidi?" Nimeirudia ile sehemu, na hoja yake ni nzito. Bado namtaka Zuko, lakini jibu la kumpa sijalipata, na mwenye nalo alilete hapa.