Jibu: Mchungwa na mkorosho ni ndugu?

Salaam mkuu. Umekwama kwamba kitabu cha mwanao kinaweka mchungwa na mkorosho kundi moja, na wewe wa Newala unaona haiingii akilini. Kitabu hakijakosea, ila undugu wenyewe ni wa mbali. Wote wamo kwenye oda (kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa) ya Sapindales, pamoja na mwarobaini. Familia ndizo zinazotofautiana: mchungwa ni Rutaceae, mkorosho ni Anacardiaceae, nyumba moja na mwembe.

Anza na jani. Mimi huku Nanyamba nilimpa binti yangu jani la mlimau alielekeze juani: limejaa vidoa vidogo vinavyopitisha mwanga, kama limetobolewa kwa sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta, ndiyo maana ukilifikicha linanukia. Jani la mkorosho halina. Kisha tazama kikonyo: cha mbalungi kina mabawa mapana, cha mlimau karibu hakina.

Kasheshe ni ndani ya Citrus, jenasi (kundi dogo ndani ya familia) yenye mchungwa, mlimau na mbalungi. Hawa wanazaana ovyo! Chungwa ni chotara wa balungi na chenza, danzi (chungwa chungu) vilevile, limau likatokana na danzi na furungu (citron kwa Kiingereza). Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa jenasi hiyo jina mwaka 1753, na mpaka leo wataalamu hawakubaliani ina spishi (aina) ngapi. Kwa hiyo mwanao akikuta idadi mbili tofauti vitabuni, asifute ya kwanza. Aandike ile ya kitabu cha darasani, mtihani unatoka humo.