Kwa dada wa Langoni: kwa nini ujasusi unarudi kwenye kompyuta baada ya fundi kusafisha

Salaam aleikum dada. Nimesoma maelezo yako yote. Kwa wanaoingia sasa: dada yuko Lamu, ana kompyuta moja ya mezani ambayo watoto wanafanyia kazi za shule na yeye anajibia wageni wanaokodi vyumba vyake. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika wenyewe, akitafuta kitu anapelekwa tovuti asiyoijua, na matangazo yanachomoza pembeni hata akiwa anaandika barua. Fundi alimsafishia, akalipwa, na wiki haikuisha mambo yakawa yale yale. Anauliza anunue antivairasi gani.

Usinunue kwanza. Antivairasi ya pesa haikufai kitu ikiwa kilichoingiza ujasusi, yaani programu za kukupeleleza na kukuibia, bado kimo ndani na kimepewa ruhusa ya kukaa. Kazi yangu ya kila siku hapa Malindi ni kompyuta za watu, na zinazorudishwa na ugonjwa ule ule huwa na sababu chache tu. Katika maelezo yako naziona mbili waziwazi. Kusafisha bila kuziba sababu hizo ni kukumba maji ngamani na jahazi halijakalafatiwa.

Ila kabla ya kugusa kompyuta, shika simu yako. Zima waifai ya kompyuta au chomoa waya, kisha kwa simu badilisha nywila ya imeili. Kwa simu, nasisitiza, si kwa kompyuta hiyo. Ukibadilisha pale pale penye jasusi unamkabidhi nywila mpya. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tafuta sehemu ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako uviondoe vyote. Hatua hii ya mwisho watu wanairuka, na ndiyo nzito kuliko zote. Programu za wizi za siku hizi hazingoji uandike nywila. Zinakomba nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vile vifaili vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia. Mwenye kidakuzi chako haulizwi nywila wala namba inayotumwa kwenye simu. RedLine ni programu ya namna hiyo. Polisi wa Uholanzi wakishirikiana na Marekani walivunja mitambo yake Oktoba 2024, lakini ndugu zake wako wengi.

Nakuambia hivi kwa sababu wewe unapokea malipo ya wageni. Nilimsaidia mwenye nyumba ya wageni upande wa Shela aliyekuwa na dalili kama zako, akidhani tatizo ni matangazo tu. Tulipofungua mipangilio ya imeili yake tulikuta kanuni asiyoiweka yeye: kila barua yenye jina la mgeni fulani ilikuwa inapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu ya barua zilizowekwa kando (Archive) ikiwa imetiwa alama ya kusomwa. Yaani mgeni alikuwa anaandika, mama wa watu haoni kitu, na mwizi anajibu kwa imeili ile ile akitaja akaunti nyingine ya benki. Mgeni alikuwa ameshatuma nusu ya malipo. Kwa hiyo dada, ukimaliza nywila, fungua mipangilio ya imeili uangalie vichujio na sehemu ya kuelekeza barua kwingine. Kitu usichokiweka wewe, futa. Kisha nenda kwenye benki, eCitizen, iTax na kurasa unazotangazia vyumba, uzibadilishie nywila nazo, kila moja yake.

Sasa kompyuta yenyewe. Umeandika kwamba fundi alikuwekea Windows na Office "zikawa za kudumu" bila kununua leseni. Hapo ndipo ninapoanzia. Vile viprogramu vya kuamsha Windows bila leseni vikisakinishwa huwa vinataka antivairasi izimwe. Baadaye antivairasi inawashwa, kila mtu anaridhika, lakini folda ya kile kiprogramu imeachwa kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa ukaguzi. Antivairasi ikipita pale inapewa amri ya kufumba macho. Unaweza kukagua kila siku, na kila siku utaambiwa kompyuta ni safi.

Angalia mwenyewe: fungua Windows Security, ingia sehemu ya kinga dhidi ya virusi, kwenye mipangilio yake shuka mpaka palipoandikwa Exclusions. Kompyuta ya nyumbani kama yako haina haja ya kuwa na kitu hapo. Hivi karibuni nilifungua moja iliyoletwa kutoka Barani nikakuta disk C yote imesamehewa, herufi moja na nukta mbili, basi. Mwenyewe alikuwa analipia antivairasi nyingine juu yake.

Baada ya kufuta yaliyomo kwenye orodha hiyo, nenda kwenye orodha ya programu uipange kwa tarehe ya kusakinishwa, uondoe zilizoingia karibu na siku matatizo yalipoanza: vibadilishaji vya PDF, vipakuzi vya video, "visafishaji" na "viongeza kasi". Halafu rudisha intaneti kwa muda mfupi, pakua masasisho ya Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows, na uchague ukaguzi unaoitwa Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka kabla Windows haijaamka, na jasusi atakaguliwa akiwa hana nguvu ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Kisha pitisha Malwarebytes ya bure, programu nyingine ya kukagua, na AdwCleaner, ambayo ni ndogo na hodari kwa matangazo ya kwenye vivinjari. Zote mbili zichukue kwenye tovuti ya Malwarebytes wenyewe. Ukiandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, huku kivinjari chako kinapotoshwa, utapelekwa kwenye nakala ya bandia. Mwombe mtu akupakulie kwa mashine isiyo na ugonjwa. Usiache antivairasi mbili zikilinda kwa pamoja, zitagombana na kompyuta itakuwa nzito.

Kama umefika hapa na bado yanarudi, kuna mahali ambapo mafundi wengi hawafungui: Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows. Jasusi anajiwekea kazi humo ya kuamka kila saa au kila ukiwasha mashine, na kujipakua upya. Majina yao yanafanana na ya halali, utaona kitu kama sasisho la Google, ila ukibofya kuangalia kinachoendeshwa unakuta njia inaelekea ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya mtumiaji, kwenye folda yenye jina la herufi zilizochanganywa ovyo. Sasisho la kweli la Google kwa kawaida hukaa Program Files. Anayetaka kuona kwa pamoja vitu vyote vinavyojiwasha na Windows achukue Autoruns, ni ya bure na ni ya Microsoft wenyewe. Amuru ifiche vitu vya Microsoft, kisha iulize VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja, kuhusu vilivyobaki. Ondoa tiki kwanza badala ya kufuta, ili ukikosea kitu unaweza kukirudisha.

Kivinjari nacho kina maficho yake. Andika chrome://policy kwenye mstari wa anwani. Kompyuta ya nyumbani haina bosi, kwa hiyo ukiona Chrome inasema inasimamiwa na shirika, mara nyingi jasusi amepachika amri ya kulazimisha kiendelezi chake (extension, kiprogramu kinachoongezwa ndani ya kivinjari), na ndiyo maana ulikuwa unakifuta kinarudi. Baadhi ya antivairasi huweka amri zao hapo, kwa hiyo soma kabla ya kufuta. AdwCleaner ina sehemu ya kuzifuta amri hizo.

Na hapa ndipo sababu yako ya pili, dada. Umesema mwanao anatumia akaunti yake hiyo hiyo ya Google kwenye kompyuta ya saiba karibu na shule. Kiendelezi kibaya kikiingia kule, akifika nyumbani na kuingia kwenye Chrome kinashuka naye kupitia usawazishaji (sync, Chrome kunakili mipangilio ya akaunti kwenye kila kompyuta anayoingia), pamoja na ukurasa wa kwanza uliobadilishwa. Fundi angeweza kusafisha mpaka mwakani. Zima usawazishaji, futa data iliyosawazishwa kwenye akaunti yenyewe, rudisha kivinjari kwenye hali yake ya mwanzo, ndipo uuwashe tena. Kuhusu yale maonyo ya pembeni yanayosema una virusi vitano, hayo huwa si virusi kabisa: mtu alibofya "ruhusu" kwenye tovuti fulani. Nenda kwenye ruhusa za arifa ndani ya kivinjari uzifute zote.

Kwa haraka tu, angalia pia vitu vitatu vinavyoweza kukuelekeza kwenye tovuti za bandia: proksi, yaani mpitishaji wa kati, kwenye mipangilio ya mtandao (iwe imezimwa), DNS, kitafuta anwani za tovuti (iwe ya kujitafutia yenyewe), na faili la hosts, orodha ya anwani iliyomo ndani ya kompyuta, kwenye System32, drivers, etc. Mistari inayoanza na alama ya reli ni maelezo tu. Ukiona jina la benki au la tovuti ya antivairasi humo, umempata.

Kuna hali ambayo mimi sisafishi, nafuta kila kitu na kusakinisha upya: nikikuta dalili kwamba nywila zimeibwa, au mashine inashika pesa za watu. Kwako, kwa vile vyumba, ningefanya hivyo. Nakili picha na nyaraka peke yake, acha kila faili linaloishia na .exe, .bat, .scr au .lnk. Flashi ya GB 8 na Media Creation Tool kutoka Microsoft vinatosha. Tengeneza kwa kompyuta nzima, si kwa hiyo.

Suala la Windows yenyewe halikwepeki. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na prosesa mpya kiasi, kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, na mashine nyingi za mtumba zinazouzwa pwani hazifiki hapo. Kama yako haifiki na kazi zako ni imeili, kuandika na kuvinjari, Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni ya bure na halali, na LibreOffice inafungua nyaraka za Word. Nimewawekea walimu hapa Malindi na wanafanya kazi zao. Nyumba yenye leseni halali au programu ya bure haina sababu ya kumfungulia mlango mtu wa kuamsha Windows.

Jingine la huko kwenu: bando. Watu wengi wa visiwani wanatumia intaneti ya simu, na ili bando lisiishe wanaiambia Windows kwamba mtandao huo unahesabiwa. Windows ikiambiwa hivyo huacha kupakua masasisho mengi, na mashine inakaa miezi na matundu yaliyokwisha kujulikana. Naelewa gharama, bando si bure. Basi panga siku moja kila mwezi uipeleke mahali penye waifai, au umwombe jirani, uiache isasishe mpaka mwisho. Masasisho ya Defender unaweza pia kuyapakua kama faili kutoka tovuti ya Microsoft kwa mashine nyingine ukayaleta kwa flashi.

Na flashi hizo za saiba. Dalili yake unaijua: unaichomeka, folda zote za mtoto zimekuwa njia za mkato zenye mshale mdogo. Mafaili hayajapotea, yamefichwa, na ule mshale ukiubofya ndio unaomwingiza mgeni. Usibofye. Kagua flashi kwa Defender kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa F, na mafaili yataonekana. Washa pia kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, ili risiti.pdf.exe isijifanye risiti.

Mwisho wa kinga na muhimu kuliko antivairasi yoyote ya kununua: watoto wapewe akaunti ya kawaida, isiyo na madaraka ya kusakinisha. Yako wewe ya kila siku iwe hivyo hivyo, na ile yenye madaraka iwe na nywila unayoijua wewe tu. Mtoto akipakua mchezo wenye kitu ndani, mara nyingi Windows itamdai nywila ambayo hana, naye atakuja kukuuliza. Kwenye kivinjari weka uBlock Origin, kizuia matangazo. Kwa Firefox inafanya kazi kamili, kwa Chrome sasa ni toleo la Lite.

Kama kuna pesa zilizokwisha kwenda, usifute mashine kabla ya kuripoti polisi. Piga picha ya skrini na uhifadhi barua zote. Ripoti pia inaweza kupelekwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Ukimaliza nywila, anza na Exclusions leo. Ukikuta chochote mle, niandikie hapa hapa jina la folda kama lilivyo, na ulichokiona kwenye chrome://policy, nikuangalizie kabla hujafuta.