Mtoto anakataa maji, anataka juisi tu

Dada, huyo wa mwaka mmoja na nusu anayesukuma kikombe cha maji na kulilia juisi, usimkatie juisi ghafla. Izimue kwa maji, ukiongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu mpaka ibaki rangi tu. Juisi yenyewe isizidi mililita 120 kwa siku. Maji matupu mpe kila mlo na baada ya kucheza, vijiko vitatu hivi kwenye kikombe kidogo kisicho na mfuniko. Ukikijaza kitammwagikia kifuani, naye atasusa.

Maziwa nayo yaangalie: yakipita mililita 700 kwa siku anashiba, hagusi chakula, na damu inaweza kupungua. Tikiti maji na supu navyo vinahesabika kama maji anayopata.

Asipokojoa kwa saa 6 hadi 8, au akilia bila machozi, mpeleke hospitali.