Kwa Wanaoanza Kuchunguza Mionzi Hafifu katika Seli za Mimea

Anayeingia maabara kwa mara ya kwanza huja na hamu ya kuona uharibifu, ilhali katika dozi hafifu uharibifu ni mchache kiasi kwamba hupotea kwa urahisi miongoni mwa kasoro ambazo hata mzizi usiopigwa mionzi huwa nazo. Kwa hiyo, kabla hujaifikiria mashine ya gama, shughulikia kwanza kundi linganishi, yaani mizizi isiyopigwa mionzi utakayoilinganisha na iliyopigwa.

Wengi huanza na ncha za mizizi ya kitunguu maji, kwa kuwa kina kromosomu 16 tu, tena kubwa. Hata hivyo, usiokote kitunguu chochote cha sokoni: baadhi hutiwa maleiki hidrazidi ili visichipue, na dawa hiyo yenyewe huvunja kromosomu.

Zingatia sana maji. Mionzi ya gama huvunja molekuli za maji na kuzalisha radikali za hidroksili, vipande vya molekuli vyepesi mno kuingiliana na vingine, ambazo nazo hushambulia DNA. Hii ni sababu mojawapo ya mbegu kavu ya shayiri kuvumilia hata gray 200 (gray ni kizio cha dozi ya mionzi), wakati ncha ya mzizi mbichi, ambayo seli zake zinagawanyika, huonyesha dalili kwa dozi ndogo mno kuliko hiyo. Ukitumia mbegu, sawazisha unyevu wake kwanza, kwa kawaida asilimia 12 hadi 14, la sivyo utapima tofauti ya unyevu ukidhani ni ya mionzi. Andika pia kasi ya dozi, kwani gray 1 ya dakika chache si sawa na ile iliyoenezwa kwa wiki kadhaa, seli zikijirekebisha.

Kwenye darubini, tafuta seli zilizo katika anafezi, hatua ya mgawanyiko ambapo kromosomu huachana kuelekea pande mbili za seli, uone kama kuna uzi mwembamba unaoyaunganisha makundi mawili ya kromosomu yanayoachana, au kipande kilichosalia katikati. Viini vidogo vya pembeni huonekana tu baada ya seli kumaliza kugawanyika. Ukiitumbukiza mizizi katika alkoholi na asidi ya asetiki, ambazo huua seli na kuzihifadhi zilivyo, mapema mno, utaandika kwamba dozi haina madhara. Mwenzako na azifunike lebo za slaidi kabla hujahesabu.

Mizizi iliyopigwa mionzi ikirefuka kuliko mingine, usikimbilie kutangaza kwamba mionzi hustawisha. Rula haisemi lolote kuhusu kromosomu, na vitunguu hutofautiana vyenyewe kwa vyenyewe. Rudia jaribio kwa vitunguu vingine, ukihesabu kila kitunguu kuwa sampuli moja, si kila mzizi.