Nganda ya Jirani: Wasomaji Wanauliza

Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Jirani amegeuza lupango lake kuwa nganda (baa), na bafle (spika) ya bezi ameibandika kwenye kona, ukutani petu. Tumeongeza tofali safu nne, lakini vyombo kabatini bado vinalia. – Mama wa Katuba

Mama, tofali hazitasaidia. Sauti nyembamba ya mwimbaji huzuiwa na ukuta, bezi haizuiwi. Wimbi la bezi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo linapinda juu ya ukuta wa mita 2 kama vile haupo. Bafle ikikaa kwenye kona, kuta mbili zinaizidishia nguvu; na kwa kuwa imeegemea ukuta wenu, mtetemo unaingia moja kwa moja kwenye tofali. Ndiyo sababu vyombo vinalia.

Mwombe aitoe konani na kuisogeza mita 3 au zaidi, aitandikie vipande vya tairi kuukuu, kisha apunguze bezi peke yake kwenye mikseri. Wateja hatawapoteza: bafle ndogo nne juu ya meza, zikilia taratibu, zinawafaa wanywaji kuliko mbili kubwa zinazoimbia avenyu nzima.

Nenda Jumanne asubuhi, akiwa anapokea kasye za bia za Simba na Tembo. Jumamosi usiku, mbele ya wateja, hakuna mwenye nganda anayekubali kushindwa. Akikataa, shika daftari kwa wiki mbili: tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa. Mwone shefu wa kartye kwanza, halafu mwandikie bagumesta (mkuu) wa komini barua yenye sahihi za nyumba zinazopakana na nganda. Kwa kuwa ofisi inaandika Kifaransa, kichwa kiwe «tapage nocturne», yaani kelele za usiku. Peleka nakala mbili, urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haijafika.

Tulipatana na mwenye nganda afunge saa tano usiku. Tangu Novemba, siku za mechi za Ulaya watu wanatoka karibu saa sita. Amevunja neno? – Msomaji, Kamalondo

Pengine saa ndiyo imehama. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tatu usiku, saa za Paris. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Paris na Lubumbashi hulingana, na filimbi ya mwisho hulia kabla ya saa tano. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, sisi hatugusi yetu. Mechi ile ile huku inaanza saa nne. (Miezi hiyo Paris inalingana na Kinshasa, basi tangazo la Kinshasa nalo liongezee saa moja.)

Andikeni mapatano upya: siku za kawaida saa tano, usiku wa mechi kati ya Novemba na Machi saa sita na robo, na muziki usirudi baada ya filimbi. Kelele za goli hupita. Kinachokesha ni muziki wa kusherehekea.

Umeme ukirudi, amplifikateri yangu inaungua. Hii ni ya pili. – Mwenye nganda, komini ya Kenya

Ukikatika tu, zima vyote kwenye swichi. Ukirudi, volti zinaweza kuruka juu ya 220 kabla hazijatulia, basi subiri dakika 5. Kompresa ya frigo nayo inahitaji pumziko hilo. Washa mikseri kwanza, amplifikateri mwisho. Wakati wa kuzima, amplifikateri itangulie.

Kama unatumia jenereta, fundi akuwekee inveseri, swichi inayochagua ama umeme wa jenereta ama ule wa avenyu. Bila hiyo umeme wako unarudi kwenye waya za avenyu na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.