Dawa za majani katika Wicca: aanzie wapi, na hilo limbwata

Mleta uzi anasema yuko Leeds, Uingereza, ameanza kuifuata Wicca, dini ya kisasa ya kichawi iliyoanzia huku, mwaka huu na anataka kujifunza kutengeneza dawa za majani. Ameuliza aanzie wapi. Ameuliza pia kama Wicca ina limbwata lake, maana amekuta moja mtandaoni linalotaka beladona. Mdogo wangu, mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Devon, na kwenye kikundi chetu kazi ya majani, sufuria na chupa iko mikononi mwangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hii naipenda sana, na ndani yake mna vitu vinavyoua.

Nianze na beladona. Iache kabisa. Inaota yenyewe huku Uingereza, ina matunda meusi yanayong'aa tena yenye utamu, na imejaa sumu iitwayo atropini. Mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, moyo unakwenda mbio, mtu anaweweseka, na matunda machache tu yanaweza kumuua mtoto. Utaikuta kwenye mapishi ya zamani ya marhamu ya wachawi wa Ulaya, pamoja na akoniti, mmea mwingine wa sumu. Yasome kama historia. Sijakutana na mkongwe yeyote wa Wicca anayemfundisha mwanafunzi aitie kwenye kikombe.

Wanaoanza wengi hudhani ukali wa mmea ndio nguvu ya dawa. Mwaka 1775 daktari William Withering, aliyekuwa akifanya kazi Birmingham, aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Ilikuwa ikiwasaidia watu waliovimba mwili kwa maji, hata baada ya madaktari kushindwa. Ndani yake mlikuwa na majani ya aina 20 au zaidi. Withering akaona kwamba linalofanya kazi ni moja tu, la mmea wa maua uitwao foksiglavu, akalichunguza kwa miaka kumi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1785. Mpaka leo hospitali zinatumia digoksini, dawa ya moyo inayotoka kwenye ukoo wa mmea huohuo. Yule bibi alikuwa na elimu ya kweli, na mimi namheshimu. Lakini kati ya kipimo kinachousaidia moyo na kinachousimamisha pana nafasi ndogo mno. Isitoshe, kabla haijachanua, foksiglavu ina majani yanayofanana sana na ya komfri, mmea mwingine wa dawa. Wapo waliochuma moja wakidhani ni nyingine, wakafa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: anza kwa kuujua mmea mmoja. Uone ukiwa kijiti kitupu kwenye baridi, uone ukichipua, ukichanua, ukizaa. Ujue jina lake la Kilatini, kwa sababu majina ya mtaani yanachanganya na muuzaji naye anaweza kuchanganya. Ujue nani hapaswi kuutumia. Mishumaa na maneno vitakusubiri.

Utakutana na majedwali marefu yanayosema mmea huu ni wa sayari fulani na ule ni wa siku fulani. Ni vizuri ujue yalikotoka. Wicca yenyewe ni changa: Mwingereza Gerald Gardner aliitangaza hadharani baada ya sheria ya uchawi ya mwaka 1735 kufutwa mwaka 1951. Elimu ya majani imetoka mbali zaidi, kwa watu wa vijijini na kwa watu kama Nicholas Culpeper, mtu wa Spitalfields, London. Mwaka 1652 Culpeper alitoa kitabu cha mitishamba kwa Kiingereza cha kawaida na kwa bei ndogo, ili maskini asiyeweza kumlipa daktari aweze kujitibu, na mimea akaigawa kwa sayari: rozmari ni ya Jua, kiwavi, ule mmea unaowasha, ni cha Mirihi, elda ni ya Zuhura. Majedwali hayo nayatumia kuchagua siku na kupanga nia. Siyatumii kuamua kama kitu kinanyweka.

Hapo ndipo pana sheria ya rafu. Gawa rafu yako mara mbili, vya kunywa huku na visivyonyweka kule, visikutane hata chupa zikiwa tupu. Dawa nyingi za Wicca hazikukusudiwa kuingia tumboni. Ipo ya kuogea kabla ya ibada, ya kupangusia kizingiti, ya kupaka mshumaa, ya kufukiza. Mtu wa pwani ataelewa upesi: ubani unaingia kwenye chetezo na udi unaingia kwenye nguo, hakuna anayeviweka kwenye uji. Ubani huohuo ndio tunaofukiza kwenye duara la ibada huku. Pishi lisilosema kama ni la kunywa au la kupaka, litupe.

Namna za kutengeneza ni chache. Majani na maua hayachemshwi: mimina maji yaliyochemka, funika dakika 10 hadi 15, na kifuniko usikiache kwa sababu harufu inayoruka na mvuke ndiyo dawa yenyewe. Mizizi na magome yanataka moto mdogo, dakika 20 hadi 30. Tincha, yaani dawa ya kuloweka kwenye pombe, ni gramu 100 za majani makavu kwa mililita 500 za vodka ya asilimia 40, gizani wiki 4 hadi 6, unatikisa kila siku. Mafuta ya kupaka yanataka majani makavu kabisa, maana unyevu huleta ukungu.

Sasa nikuonyeshe moja kwa karibu, ninayotengeneza kila Juni kwa ajili ya Litha, sikukuu ya siku ndefu kuliko zote, karibu na tarehe 21. Ni sharubati ya maua ya elda, Sambucus nigra. Elda ni mti mdogo wa kwenye nyua za mashamba, gome lake lina mipasuko, na kila kikonyo kina vijani vitano hadi saba vinavyonuka vibaya ukivifikicha. Maua ni madogo sana, meupe yanayoelekea njano, yamejipanga bapa upana wa kiganja. Jihadhari na hemloki, ambayo nayo ina maua meupe yaliyotandaa na inaua. Tofauti iko chini: hemloki haina ubao, shina lake ni la kijani, lina uwazi ndani na madoa ya zambarau. Shika shina kabla hujachuma ua.

Nenda asubuhi, umande ukishakauka, siku ya jua, kwa sababu harufu nzuri imo kwenye chavua na mvua huiosha. Nusa kila kichwa. Kilicho tayari kinanukia utamu wenye ulimau kwa mbali. Kilichopitiliza kinanuka mkojo wa paka, na kimoja tu kitakuharibia sufuria nzima. Kabla ya kukata naomba ruhusa. Watu wa Lincolnshire waliamini ndani ya elda anakaa mwanamke mzee, hukati tawi bila kumwomba na kumwahidi kwamba nawe utampa ubao wako siku ukigeuka mti. Bibi yangu naye kule Tanga hakuchimba mzizi kabla ya kuusemesha mti na kuacha sarafu pale chini, kwa hiyo nilipoelezwa habari za mwanamke huyo nilijiona niko nyumbani. Nakata kwa bolini, kisu chenye mpini mweupe ambacho ndicho cha kazi za mikono. Athame, kisu cha ibada chenye mpini mweusi, inabaki kwenye duara. Vichwa vingi naviacha mtini, vizae matunda ya ndege.

Nyumbani usiyaoshe. Yalaze kwenye kitambaa cheupe dirishani, wadudu watatoka wenyewe. Kisha yachambue kwa uma na utupe vikonyo vya kijani, maana vikonyo, majani na matunda mabichi ya elda vina kitu kinachotoa sianidi tumboni. Kwa vichwa 20 natumia malimau 2 yaliyokatwa, gramu 50 za asidi ya sitriki, na kilo 1 ya sukari iliyoyeyushwa kwenye lita 1 ya maji ya moto. Funika saa 24, chuja kwa kitambaa, tia kwenye chupa zilizochemshwa, weka kwenye friji.

Kunuizia nakufanya wakati wa kukoroga. Nakoroga kwa kufuata mwendo wa jua, polepole, nasema kwa sauti jambo moja tu. Kwa Litha naomba afya ya watakaoinywa, na nawataja mmoja mmoja kwa majina. Wageni huleta karatasi zenye beti ndefu, na mimi huwaambia wachague sentensi moja wanayoiamini kweli waiseme kwa moyo wote. Siku ya sikukuu sharubati inaingia kwenye kikombe cha wale wasiokunywa divai, kinazunguka mkono kwa mkono pamoja na vikeki. Kila anayekipokea anajua kilichomo.

Kwa mnaosoma mkiwa Tanzania au Kenya: kalenda hii imetokana na majira ya Ulaya. Kusini mwa dunia, kama Australia, wafuasi wengi hufanya Litha mwezi Desemba, na karibu na Ikweta urefu wa siku haubadiliki sana. Nyie mna vuli na masika, na mwezi unaandama kwenu kama kwetu. Mwezi unaokua ni wa kuvuta, unaopungua ni wa kuondoa. Hilo linatosha kupanga kazi.

Kuna mmea mmoja lazima niutaje kwa sababu uko kwenye kila orodha ya Litha, nao ni wa Mtakatifu Yohana, Hypericum perforatum, wenye maua ya njano. Unauzwa kama dawa ya huzuni. Tatizo ni kwamba unaliharakisha ini kuvunja dawa nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kushindwa, warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inapungua nguvu, na ARV kadhaa zinashuka kwenye damu mpaka virusi vinapata nafasi. Ukichanganywa na vidonge vya msongo unaweza kuleta hatari nyingine. Mtu yeyote anayetumia dawa ya hospitali amuulize mfamasia kabla ya kuunywa, hata kama chai ni kikombe kimoja. Mwenye mimba asiguse magwoti, Artemisia vulgaris, inayosifiwa kwa ndoto, na mafuta ya peniroyo, mmea wa jamii ya mnanaa, asiwe nayo kabisa ndani ya nyumba. Yanaharibu ini na yameua wanawake waliotaka kutoa mimba.

Limbwata sasa. Najua lilivyo kishawishi, maana mtu akikuumiza moyo unatamani kushika kamba ya kumrudisha. Msingi wa Wicca ni kufanya utakalo ilimradi humdhuru yeyote, na kumfunga mtu asiyejua ni kumdhuru, hata kama kilichomo ni mdalasini na asali. Kumtilia mtu kitu kwenye kinywaji bila ridhaa yake kunaweza pia kukufikisha mahakamani: sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili bado inatumika, na ina vifungu vya kumpa mtu sumu au kitu cha kudhuru. Sifanyi dawa hiyo, na nikiombwa nakataa. Ninayotengeneza ni dawa ya kuogea muhitaji mwenyewe, kwa waridi, mnanaa na rozmari, akajinuizia moyo wake ufunguke kwa mtu atakayemtaka bila kulazimishwa. Watu wametoka kwenye beseni hilo wakilia, wakiwa wepesi.

Kwa kuanza, nunua rozmari kwenye chungu, mnanaa, na lavenda. Vinamea dirishani hata Leeds. Vya kununua vikavu chukua duka linaloandika jina la Kilatini, na kama ni dawa ya kopo tafuta alama ya THR, inayoonyesha dawa ya mitishamba imesajiliwa Uingereza. Kila chupa iandike jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe, na kama ni ya kunywa au la. Kuuza usikimbilie, kwa sababu hata marhamu ya midomo inahitaji tathmini ya usalama kisheria kabla haijauzwa. Na kama umekwisha kuonja chochote kutoka kwenye lile pishi la beladona, piga 111, namba ya ushauri wa afya huku, leo, au 999 ya dharura ukiona dalili nilizozitaja juu.

Ukikuta mmea usioujua, weka hapa picha tatu: jani kwa pande zote mbili, shina mpaka chini, na ua au tunda, na useme umeota wapi. Nitaangalia jioni nikitoka kazini.